Koos Bekker ni nani? Maswali yanayoulizwa sana kuhusu mzee wa Naspers, M-Net na Tencent

Ukitaja matajiri wa Afrika Kusini watu wanakurupuka na jina la Rupert, au Oppenheimer, au Motsepe, na sasa hivi Musk. Huyu Bekker hatajwi sana huku kwetu, wakati ndiye ambaye kazi yake imeingia mpaka sebuleni kwetu, imekaa juu ya TV kama king'amuzi. Nimekuwa namfuatilia miaka mingi na kila nikimuongelea naulizwa maswali yaleyale, kwa hiyo nimeamua kuyajibu yote hapa kwa pamoja.

Kwa kifupi, Koos Bekker ni nani?

Ni mfanyabiashara wa Afrika Kusini, mwenyekiti wa Naspers, kampuni iliyoanza na magazeti ikaingia TV ya kulipia na intaneti, na wa kampuni yake tanzu Prosus iliyopo Amsterdam. Alikuwa kwenye kikundi kilichoanzisha televisheni ya kulipia ya M-Net mwaka 1986, akawa mkurugenzi mtendaji wa Naspers kuanzia 1997 mpaka 2014, na ndiye bosi aliyekuwepo kampuni iliponunua karibu nusu ya Tencent, kampuni ya intaneti ya China, wakati Tencent haijulikani hata na majirani zake. Jarida la Forbes linamweka kwenye orodha ya mabilionea wa dola. Haonekani sana kwenye kamera, na mahojiano yake ni ya kuokoteza.

Ni Kaburu?

Swali hili naulizwa kila mara, na nalijibu kwa uangalifu. Ndiyo, ni katika watu wale ambao Waswahili tumezoea kuwaita Makaburu, yaani wazungu wa Afrika Kusini wanaoongea Kiafrikana, wazee wao walitoka Uholanzi, Ujerumani na Ufaransa karne ya 17 na kuendelea. Ila neno Kaburu kwetu limebeba mzigo, sisi tuliokulia nchi za mstari wa mbele tulilisikia redioni maana yake ikiwa ni serikali ya ubaguzi, siyo kabila, na mtu akisema "Makaburu" mzee wa miaka 60 Dar es Salaam anakumbuka Mazimbu na wapigania uhuru wa ANC waliokuwa wanaishi Morogoro. Kwa hiyo mimi hapa nitasema Muafrikana nikimaanisha kabila lake, na swali la ubaguzi nimeliweka peke yake huko chini kwa sababu linastahili jibu lake.

Alizaliwa wapi, alisoma wapi?

Alizaliwa Desemba 1952 na kukulia kwenye shamba la mahindi karibu na Heidelberg, kusini mashariki mwa Johannesburg, na shule akasoma hukohuko Heidelberg. Chuo alienda Stellenbosch, kule ambako Waafrikana wenye hela na wenye vyeo wamesomeshana vizazi na vizazi, na akasoma pia sheria chuo cha Wits, Johannesburg. Akafanya kazi kwenye matangazo ya biashara. Halafu akafunga virago akaenda New York kusoma MBA chuo cha Columbia, akamaliza 1984. Hapo Columbia ndipo hadithi yenyewe inapoanza.

Wazo la M-Net alilitoa wapi?

Alilitoa darasani. Akiwa Columbia aliandika kazi ya shule kuhusu HBO, ile stesheni ya Marekani ambayo watu wanailipia kila mwezi kuangalia sinema bila matangazo. Akaona hiki kitu kinaweza kufanya kazi kwao, akaandikia watu wa nyumbani, na aliyemjibu kwa moyo alikuwa Ton Vosloo ambaye ndo kwanza alikuwa ameshika uongozi wa Naspers.

Ili uelewe kwa nini Vosloo alijibu inabidi ujue hali ya TV ya Afrika Kusini. Nchi ile pamoja na utajiri wake wote wa dhahabu ilianza kurusha televisheni ya taifa Januari 1976 tu, Kenya walikuwa nayo tangu miaka ya 60 mwanzoni na Zanzibar walikuwa wameshaanza kuangalia TV ya rangi. Serikali ya Makaburu iliiogopa TV, iliona italeta mawazo ya nje kwa watu wao. Sasa ilipoanza, baada ya miaka miwili SABC, shirika la utangazaji la serikali, ikaruhusiwa kuuza matangazo, na matangazo yale yalikuwa yanatoka kwenye magazeti. Wenye magazeti wakaanza kuona mifuko inatoboka. Naspers ilikuwa kampuni ya magazeti. Kwa hiyo kijana anayekuja na karatasi inayosema "tuanzishe TV yetu, isiyotegemea matangazo, watu walipie" alimkuta mtu ambaye tayari ana njaa ya jibu.

Wakashirikiana na wenye magazeti wengine, na Oktoba 1986 M-Net ikaingia hewani. Bekker alikuwa na miaka 33. Mawimbi yalifungwa, ukitaka kuona lazima uwe na dekoda, ila jioni kulikuwa na masaa mawili ya bure kuanzia saa 11 mpaka saa 1 usiku, wanafungulia watu wote waonje ili wakifunga wewe mwenyewe uende dukani. Mtu aliyewahi kuuza korosho stendi anaijua mbinu hii, anakupa mbili za kuonja mkononi halafu anasimama.

Mwanzo ulikuwa mgumu, hela zilitoka kwa ndoo na wateja waliingia kwa kijiko, na wapo waliosema wazi kwamba imekufa. Haikufa. Wateja walipofika idadi ya kutosha ikageuka kuwa biashara tamu sana, kwa sababu hela ya televisheni ya kulipia inalipwa kabla, kila mwezi, na mteja akishazoea ni vigumu kuacha.

Lakini si hii ni kampuni ya enzi za ubaguzi?

Ndiyo, na hapa sitaki kupaka rangi. Naspers ilianzishwa Stellenbosch mwaka 1915 kwa jina la De Nationale Pers, kazi yake kubwa ilikuwa gazeti la Die Burger, na mhariri wa kwanza wa gazeti hilo alikuwa D.F. Malan, huyohuyo aliyekuja kuwa waziri mkuu mwaka 1948 na kuanza kuujenga ubaguzi kisheria. Yaani gazeti na chama vilikuwa pua na mdomo. Kwa miongo magazeti ya kampuni hii yalibeba hoja za National Party, chama cha Malan, asubuhi na jioni. Na M-Net yenyewe ilipata leseni kwa serikali ya P.W. Botha mwaka ambao nchi iko kwenye hali ya hatari, na haikuruhusiwa kutangaza habari.

Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipokaa, Naspers kama kampuni haikwenda kutubu. Waandishi wake zaidi ya 100 walichukua hatua wenyewe mwaka 1997, kila mmoja kwa jina lake, wakapeleka tamko la kuomba radhi, na wakubwa hawakufurahia. Radhi ya kampuni ilikuja 2015, kwenye sherehe za miaka 100, ikitolewa na bosi wa Media24 ambayo ni kitengo cha magazeti. Miaka 18 baadaye! Mimi naona radhi ile ilichelewa mno, wengi waliostahili kuisikia walikuwa wameshazikwa. Bekker mwenyewe hakuwa mwanasiasa, lakini mtaji alioupokea 1984 ulikuwa umetengenezwa ndani ya mfumo ule na mlango uliofunguka kwake usingefunguka kwa kijana wa Soweto mwenye karatasi ileile mkononi. Ukiisoma historia yake bila hili unakuwa umesoma nusu.

Ulaya alienda kufanya nini?

Mwaka 1991 M-Net pamoja na Richemont ya ukoo wa Rupert waliingia kwenye FilmNet, stesheni ya kulipia ya Ulaya, na Bekker akahamia Uholanzi kuisimamia. Baadaye biashara zile zikaunganishwa ikaitwa NetHold. Ilikuwa inakimbizana na majitu, mwishowe upande wa Ulaya ukaingia mikononi mwa Canal+ ya Ufaransa, mwaka 1997, na wao wakabaki na Afrika, Ugiriki na nchi nyingine chache. Likumbuke hilo jina Canal+, litarudi huko mbele. Mwaka huohuo Bekker akarudi Cape Town kuwa mkurugenzi mtendaji wa Naspers nzima.

DStv ilifikaje kwetu?

M-Net ilikuwa ya mawimbi ya ardhini. Mwaka 1995 wakaja na satelaiti ya kidijitali, DStv, chini ya MultiChoice, na satelaiti haijui mpaka, ikishawaka inamwaga Afrika nzima, kinachobaki ni mtu wa kuuza dishi na kukusanya hela kila nchi. Ndo wakaingia Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko. Mwanzoni ilikuwa kitu cha mabalozi, mahoteli na wenye majumba ya Oysterbay na Muthaiga.

Kilichoiteremsha mtaani ni mpira. Mjomba wangu alikuwa na kibanda umiza Mbagala, mabenchi ya mbao, mabati, feni moja ambayo ilikuwa inapuliza upande wa mjomba tu, kiingilio shilingi 500 na mechi kubwa 1000. Dishi lilikuwa juu ya paa limefungwa na waya mnene ili lisiibwe. Jumamosi saa 9 mchana mjomba alikuwa anachomoa ile kadi ya king'amuzi, anaipangusa kwenye tisheti pale tumboni, anaipuliza, anairudisha taratibu kama anaweka mtoto kitandani, halafu watu 70 wanasubiri kimya mpaka nyasi za kijani zitokee. Mimi nilikuwa nakaa chini kabisa mbele kwa sababu sijalipa. Kifurushi cha juu ambacho hakuna mtu pale angekiweza peke yake kilikuwa kinalipwa na kijiji kizima kwa mia tano mia tano. Hakuna ripoti ya mwaka ya Naspers iliyowahi kuwahesabu wale watu 70, kwenye vitabu ni mteja mmoja.

Na siyo mpira wa Ulaya tu, SuperSport iliweka ligi ya Kenya kwenye runinga vizuri kabisa mpaka ilipojitoa 2017, na M-Net ikaleta chaneli za Maisha Magic zenye tamthilia za Kiswahili ambazo zimewapa kazi waigizaji wetu. Kwa upande wa Tanzania Azam TV ya Bakhresa ilipoingia na ligi ya nyumbani mambo yakabadilika, sasa kila nyumba ina chaguo.

Na MTN je, naye yumo?

Yumo mwanzoni. M-Net ilikuwa mmoja wa wenye hisa walioanzisha MTN ilipopata leseni na kuwasha mtandao 1994, na Bekker alikuwa mkurugenzi mwanzilishi kwenye bodi. MTN ilifika Uganda na Rwanda mwaka 1998. Hakukaa nayo, biashara ile iliendeshwa na wengine.

Hadithi ya Tencent ni ya kweli, kwamba alinunua kwa dola milioni 32?

Ni ya kweli, ila watu wanaisimulia kama vile aliokota almasi barabarani, na haikuwa hivyo.

Naspers iliingia China miaka ya 90 mwishoni na ikapigwa. Walijaribu biashara za intaneti kule wakitumia mameneja wa kutoka nje, wakapoteza mamilioni ya dola, wakafunga. Kampuni nyingine ingesema China basi. Wao wakakaa wakajiuliza tumekosea wapi, wakafikia kwamba kosa ni kwenda kuwafundisha Wachina soko la Wachina. Kuanzia hapo wakabadili mwendo, sasa wanatafuta vijana wa huko wenye kitu kinachopendwa, wanaweka hela, wanakaa pembeni.

Kwenye timu yao kulikuwa na Mmarekani anaitwa David Wallerstein anayejua Kichina. Kila akiingia kwenye intaneti kafe kwenye miji ya China anaangalia vioo vya kompyuta, na kila kompyuta ina pengwini mdogo pembeni, vijana wanachati. Ilikuwa QQ. Akafuatilia nani ana hii kitu, akafika Shenzhen kwa Ma Huateng, anayejulikana kama Pony Ma, aliyeanzisha Tencent na wenzake Novemba 1998. Hali yao ilikuwa hivi, watumiaji mamilioni, hela hakuna. Kila mtumiaji mpya ni gharama ya seva. Walishajaribu hata kuuza programu yenyewe wakakosa bei.

Ukumbuke ni 2001, zile kampuni za intaneti zimeanguka duniani kote, kila mwekezaji anataka kutoka mlangoni kwa wakati mmoja. Wenye hisa wawili wa mwanzo wa Tencent, IDG na kampuni ya Richard Li wa Hong Kong, walikuwa tayari kuuza. MIH, mkono wa Naspers, ikanunua za kwao na nyingine kidogo za waanzilishi, jumla asilimia 46.5, kwa kama dola milioni 32. Kilichowaokoa Tencent kipindi hichohicho ni simu, China Mobile ilianza kugawana mapato ya meseji na kampuni za intaneti, na QQ ikawa inatuma meseji mpaka simuni, hela ya kwanza ya kweli ikaingia.

Juni 2004 Tencent ikaorodheshwa Hong Kong. 2011 wakatoa WeChat. Mengine unayajua.

Sasa sehemu ambayo mimi inaniumiza kichwa kwa kustaajabu siyo kununua. Ni kutouza. Hisa ikipanda mara 10 kila mtu kwenye bodi anakwambia uza tuweke kibindoni, ikipanda mara 50 wanakuona kichaa, ikipanda mara 100 wanakuandika magazetini. Naspers walikaa miaka 17 bila kuuza hata moja. Mara ya kwanza ilikuwa Machi 2018, waliuza asilimia 2 ya Tencent wakapata dola bilioni 9.8. Piga hesabu, kile kipande kidogo peke yake kilileta zaidi ya mara 300 ya hela yote waliyotoa 2001. Aprili 2021 wakauza asilimia 2 nyingine kwa dola bilioni 14.7. Tangu 2022 wanauza kidogokidogo kununua hisa zao wenyewe, na walichobaki nacho leo ni chini ya robo ya Tencent.

Hela ya kuingia kwenye michezo hii ilitoka wapi?

Sehemu kubwa kwenye televisheni ya kulipia. Hili ndilo jambo ambalo nataka msomaji wangu alibebe kuliko mengine yote. Magazeti yalikuwa yanafifia, intaneti ilikuwa inakula hela bila kurudisha, kilichokuwa kinaleta fedha taslimu kila mwezi bila kukosa ni dekoda. Johannesburg, Athens, Bangkok, Lagos, Nairobi, Dar. Mwenye duka Kariakoo anaelewa haraka, ana duka la sukari na unga ambalo halina mbwembwe lakini linauza kila siku, na faida ya hilo duka ndiyo inayomruhusu kuagiza kontena la bidhaa asiyokuwa na uhakika nayo kutoka Guangzhou. Likizama, sukari inaendelea kumlisha. Dekoda ndiyo ilikuwa sukari. Kwa hiyo mtu akiniambia Bekker ni mtu wa Tencent namjibu kwamba bila ile mia tano mia tano ya vibanda umiza na wenzake wote barani, ujasiri wa Shenzhen usingekuwa na miguu.

Kweli hakulipwa mshahara?

Kweli. Kwa mikataba yake ya ukurugenzi mtendaji hakuchukua mshahara, wala bonasi, wala gari la kampuni na marupurupu. Alipewa opsheni za hisa, yaani haki ya kuja kununua hisa za Naspers baadaye kwa bei ya siku ya mkataba, ikiongezwa mfumuko wa bei. Hisa zikishuka au zikidumaa miaka mitano umefanya kazi bure. Zikipanda ni zako. Alipoachia ngazi 2014 Naspers ilikuwa na thamani ya kama dola bilioni 45, kwa hiyo usimuonee huruma ya mshahara.

Wapo wanaosema ni mpango wa haki kuliko mabosi wanaolipwa mamilioni kampuni ikifa. Nakubaliana nao nusu. Mtu anayeweza kufanya kazi miaka mitano bila mshahara ni mtu ambaye tayari ana pa kula, usije ukajaribu kumpa mkataba huo dereva wako. Na wapo waliolalamika kwamba zawadi ilikuwa inapimwa kwa bei ya Naspers nzima wakati bei ile ilikuwa inavutwa na Tencent, kampuni ambayo wao hawaiendeshi. Hoja hiyo ina uzito.

Kwa hiyo ni bahati tu?

Bahati ipo, bahati ya mtende. Lakini angalia na zilizozama. 2006 walinunua asilimia 30 ya Abril, kampuni ya magazeti na majarida ya Brazil, kwa dola milioni 422, ikayeyuka. Urusi waliweka hela mapema kwenye Mail.ru ambayo baadaye ikawa VK, na vita vya Ukraine vilipoanza 2022 hisa hizo zikafutwa kwenye vitabu. Upande mwingine Flipkart ya India waliuzia Walmart 2018 wakatoka na dola bilioni 2.2, na Allegro ya Poland iliwalipa pia. Yaani ni mtu anayekubali kupigwa mara nyingi kidogokidogo ili aendelee kuwa mezani.

Wakosoaji wake wakubwa ni soko lenyewe. Kwa miaka mingi Naspers nzima ilikuwa inauzwa kwa bei ya chini kuliko hisa zake za Tencent peke yake, maana yake wawekezaji walikuwa wanasema biashara zenu nyingine zote tunaziona hasi. Kuanzisha Prosus Amsterdam Septemba 2019 ilikuwa jaribio la kulirekebisha hilo, na pia kwa sababu Naspers ilishakuwa kubwa mno kwa soko la hisa la Johannesburg, zaidi ya moja ya tano ya uzito wake. Jaribio halikuliponya pengo vizuri.

OLX nayo ilikuwa yake?

Naspers ilichukua sehemu kubwa ya OLX mwaka 2010. Watu wa Nairobi wanaikumbuka sana, kila mtu alikuwa anauza kochi na simu kuukuu huko. 2019 biashara ya OLX ya Kenya, Tanzania, Uganda, Ghana na Nigeria ikanunuliwa na kampuni inayoitwa Jiji.

Mbona wanasema hawezi kuondolewa?

Kwa sababu ya aina za hisa. Naspers ina hisa za kawaida zinazouzwa sokoni, kila moja kura moja, na ina hisa A chache ambazo haziuzwi sokoni, kila moja kura 1000. Zimekaa kwenye makampuni mawili matatu ya watu wa ndani. Ulikuwa ni ulinzi gazeti lisije likanunuliwa na adui, sasa unalinda kampuni ya teknolojia. Mimi sipendi utaratibu huu, ila lazima niseme pia kwamba pengine ndiyo uliowapa kifua cha kutouza Tencent miaka 17.

Na lile sakata la ANN7?

2017 ziliibuka nyaraka na maswali kuhusu malipo ya MultiChoice kwa ANN7, chaneli ya habari ya familia ya Gupta, matajiri waliokuwa karibu na Rais Jacob Zuma, na mkataba na SABC, watu wakihoji kama kampuni ilikuwa inanunua upendeleo wa sera ya kuhamia dijitali. Naspers ilikana rushwa. Januari 2018 MultiChoice ikatangaza haitaongeza mkataba wa ANN7 na ikakiri kwamba ilifanya makosa namna ilivyolishughulikia suala lile. Kwa kampuni yenye historia niliyoieleza juu, ya gazeti na chama kulala kitanda kimoja, ilitakiwa iwe ya mwisho kabisa kukaa karibu na wanasiasa.

Bado ni bosi wa DStv?

Hapana, na watu wengi hawajui. Februari 2019 MultiChoice ilitolewa Naspers ikawa kampuni inayojitegemea kwenye soko la Johannesburg. Halafu Septemba 2025 ikakamilika kununuliwa na Canal+, haohao Wafaransa waliochukua biashara yao ya Ulaya 1997. Kwa hiyo ukilipia kifurushi leo hela yako inaelekea Paris.

Utajiri wake ni kiasi gani?

Mabilioni kadhaa ya dola, inapanda na kushuka na hisa. Mwaka 2015 iliripotiwa kwamba alikuwa ameshauza hisa zake nyingi za Naspers, zaidi ya asilimia 70, na mwaka huohuo akarudi kama mwenyekiti. Kiti hicho alikabidhiwa na Ton Vosloo, yuleyule aliyeijibu barua ya kijana wa Columbia.

Anaishi vipi, kuna shamba nimelisikia?

Babylonstoren. Liko kati ya Paarl na Franschhoek, kama saa moja kutoka Cape Town, shamba la tangu 1692 ambalo walilinunua 2007 na mke wake Karen Roos, aliyekuwa mhariri wa jarida la mapambo ya nyumba. Jina linatokana na kilima kilichochongoka hapo shambani, wazee walikiona kama mnara wa Babeli. Kuna bustani ya ekari 8 yenye aina zaidi ya 300 za mimea na karibu yote inalika au ina kazi, imepangwa kwa mistari kufuata ile bustani ya zamani ya kampuni ya Waholanzi pale Cape Town, ya kulishia mabaharia. Uingereza wana lingine, Somerset, linaitwa The Newt, matufaa na saida (kinywaji cha matufaa), lilifunguliwa 2019.

Babylonstoren unaweza kwenda wewe mwenyewe kama mgeni wa siku, unalipa kiingilio getini. Ukishaingia unatembea katikati ya mistari ya maboga, mapera, ndimu na mboga za majani, kuku na bata wanakatiza njia, na mgahawani unakuta wanapika kilekile ulichotoka kukipita dakika kumi nyuma kikiwa bado kwenye udongo.